Bwana Tufani Siku ya Jamhuri

Jumamosi, 21 Novemba 1964

Makuti yamenimaliza vidole. Tangu alfajiri nashona. Yule mwenye hoteli kule Diani anataka paa lake liezekwe kabla ya wageni wa Krismasi. Atangoja. Mvua imenyesha mara mbili na ua wote umelowa.

Mwanaidi amefika na basi la kutoka Likoni. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Anasomea ualimu Mombasa. Amerudi amekonda, na kucha amezipaka rangi. Nimemwambia azikwangue. Akasema, "Shikamoo kwanza, Nyanya." Hapo ameniweza. Nimeitikia.

Amekuja na mzigo wa magazeti ya picha. Msichana mzima.

Jumapili, 22 Novemba

Alipokwenda kisimani niliyafunua magazeti yake. Shujaa wao huyo anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Ana bastola. Anavuta sigara. Kila ukurasa yuko na mwanamke mwingine na hakuna hata mmoja anayempikia. Ameua mtu, halafu akasimama dirishani kusikitika. Kurasa mbili nzima anasikitika. Mimi mtu wa kusikitika dirishani wa nini?

Aliporudi nikamtolea ya kwangu, kutoka sanduku la marehemu. Mume wangu Hamisi alikuwa mpishi melini. Kila safari alirudi na gazeti moja la picha, na ndani yake mtu yule yule. Nguo ya kijani imembana kama soksi, joho la manjano mgongoni, anaruka angani bila mbawa. Jina lake la Kizungu hatukulijua. Hamisi alimwita Bwana Tufani. Kiingereza hatukusoma, si yeye si mimi. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, nikahitimu juzuu zangu, nikaolewa. Basi Hamisi alinisimulia picha baada ya picha, tumekaa mkekani, na mimi nikawa nazijua zote kwa moyo.

Mwanaidi alifunua moja, akacheka puani. "Nyanya, huyu amepitwa. Haumii, hakosei, hachoki. Na amevaa chupi juu ya suruali. Vijana wa sasa hawamsomi mtu kama huyu."

Chupi nimeiona. Lakini amepitwa na nani? Na yule wa dirishani?

Nalala na hasira. Hasira nzuri, ya kunipa usingizi.

Jumanne, 24 Novemba

Kisomo cha watu wazima. Mwaka wangu wa pili huu. Mwalimu wetu, Mwalimu Nzaka, ni mtu wa Mackinnon Road, kijana mpole ila ana sauti ya kuitia ng'ombe. Ametuambia Siku ya Jamhuri tutasoma mbele ya watu uwanjani, ili waone wazee nao wameelimika. Mimi amenipa ukurasa wa kuchimba choo.

Nimekataa. Nina wakwe mji huu. Nisimame mbele yao nisome habari ya choo?

Nikamwambia nitamleta Bwana Tufani. Akauliza ni nani. Nikamweleza. Akakuna kichwa. Amesema vijana watakuwa wengi na hawana subira, mwaka jana siku ya Uhuru waliiacha kwaya nzima ikiimba peke yake wakaenda kucheza mpira.

Bi Riziki akadakia. Huyu ni jirani yangu, anauza mhogo wa kukaanga njia panda, na kisomoni anakaa nyuma yangu ili anichungulie. Akasema, "Vijana wakikuondokea kabla hujamaliza, hayo makaratasi ya marehemu unipe mimi. Yananyonya mafuta vizuri."

Darasa zima likacheka. Nikasema nimekubali.

Nimesema nimekubali. Mdomo wangu huu ungefaa kushonwa pamoja na makuti.

Ijumaa, 27 Novemba

Sanduku nimelikazia macho siku nzima. Kila ninapopita nalitazama. Mikono ya Hamisi ndiyo iliyoyapanga yale magazeti, yamelala kama alivyoyalaza. Nikifikiri Bwana Tufani atafungia mhogo wa pilipili na ndimu, nakwenda kulikalia.

Mwanaidi ana moyo kuliko ninavyomsema. Ameniona, akasema atanisaidia. Watu wa nyuma hawataona gazeti dogo, basi atachora picha kubwa. Tumefumua mifuko ya unga, tumeifua, tumeianika. Anachora kwa mkaa, joho analipaka manjano ya pilau, kijani amekikamua kwenye majani ya mchicha. Mkono wake mzuri. Sijamwambia.

Kisha zitatundikwa kambani, toka mlingoti mmoja wa goli hadi wa pili, na mimi nitatembea na fimbo nikionyesha.

Amesema anafanya hivi kwa kunipenda, lakini vijana watachoka tu. Nimemwambia aongeze manjano.

Jumatatu, 30 Novemba

Siku mbaya.

Picha zimekwisha. Tumefunga kamba uani, Mwanaidi akaniuliza nianze na ipi. Nikaning'iniza ile ya Bwana Tufani anawapungia watu mkono, upande wa kulia. Akasema, "Hiyo ni ya mwisho, Nyanya." Nikamwambia ni ya kwanza. Tukabishana kidogo. Akasema, haya, nisimulie yote.

Nikamsimulia kama alivyonisimulia Hamisi. Kwanza Bwana Tufani anaitwa na wenye mji, mkubwa mmoja anampa mkono, watu wanampungia. Anakwenda kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Anampokea mtoto, anaingia naye kwenye nyumba yenye moshi mwingi, anamfukiza dawa. Anatoka peke yake. Moshi unapungua, nyumba inasimama nzima, mtoto amelala ndani amepona. Kisha Bwana Tufani analishusha gari kutoka angani, analiweka chini taratibu, ndani mna wanaume wanne. Wanakwenda nyumba kubwa yenye nguzo, nyumba ya mayatima, wamebeba magunia ya fedha. Wamefunika nyuso kwa vitambaa, kwa kuwa sadaka njema hutolewa kwa siri. Mle ndani kuna bibi amenyanyua mikono yote miwili, anawaombea dua. Kazi imekwisha. Bwana Tufani anaingia stoo, anavua joho, anavaa suti na miwani, anakaa mezani kama karani yeyote, anaandika. Mwisho.

Mwanaidi aliinuka. Akachukua gazeti, akaliangalia mbele, akaliangalia nyuma. Akaniuliza polepole, "Nyanya, nyinyi mlikuwa mkianzia kulia?"

Nikamwambia kitabu kinaanzia wapi? Msahafu unafunguliwa kulia. Barua za Hamisi aliniandikia kwa herufi za Kiarabu, zinaanzia kulia. Herufi hizi za kisomo najua zinaanzia kushoto, Mwalimu Nzaka alinipigia kelele mwezi mzima. Lakini picha si herufi.

Alicheka mpaka akalala chini kwenye mifuko ya unga. Alicheka machozi. Halafu akanieleza. Karani ndiye mwanzo. Wale wanne ni wezi, na ile ni benki. Yule bibi amenyanyua mikono kwa kuwa ameonyeshwa bunduki. Mtoto hafukizwi, anaokolewa motoni.

Nimemfukuza uani.

Jumanne, 1 Disemba

Sisemi na mtu.

Jumatano, 2 Disemba

Nina aibu. Siipendi aibu, hainikai vizuri. Miaka yote ile nimewasimulia mashoga zangu, nimewasimulia watoto, nimesimulia hadi matangani ili watu wachangamke. Wezi nimewafanya watoa sadaka. Na Hamisi nimemkasirikia, naye yuko kaburini hawezi kujitetea. Mtu amezunguka bandari zote, anakuja kunisomea kitabu kinyumenyume.

Mwanaidi amenipikia samaki wa nazi. Amesema, "Nisamehe, Nyanya, sikukucheka wewe." Alinicheka mimi. Samaki nimemla.

Alhamisi, 3 Disemba

Tumesema tena. Amenisomea Kiingereza chote, kila kiputo cha maneno juu ya vichwa vyao, akanigeuzia Kiswahili. Sasa naijua hadithi ya kweli. Nimeamua nitaisema hiyo, kutoka kushoto, kama wasomi. Sitaki Mwalimu Nzaka na vijana wa sekondari wanione mshamba siku ya nchi yao.

Maneno yenyewe si mengi. "Simameni, wezi." "Asante, Bwana." Nilidhani mtu anayeruka angani ana maneno mazito zaidi.

Jumapili, 6 Disemba

Nimejaribu mbele ya mashoga watatu waliokuja kushona makuti. Kutoka kushoto. Karani amekaa. Kengele inalia. Anavaa joho. Anawakamata wezi. Anamwokoa mtoto. Anashangiliwa.

Mmoja alisinzia. Mwingine aliniuliza nazi zimepanda bei au vipi.

Wale wale ambao zamani walinililia nirudie.

Nimemwuliza Mwanaidi kwa nini. Akasema si kosa langu, ndiyo maana alisema shujaa huyu amezeeka. Ukimwona tu amevaa joho unajua atashinda, basi unasubiri nini? Ana akili mtoto huyu, na inaniudhi.

Bi Riziki amepita nje ya ua akinusa hewa. Ameuliza magazeti ni makubwa kiasi gani, maana fungu la shilingi linataka karatasi pana. Nimemwaga maji ya kuoshea vyombo karibu na miguu yake. Karibu tu.

Alhamisi, 10 Disemba

Sijalala vizuri. Nimeshona makuti vibaya, nikayafumua, nikashona tena.

Nimefikiri kumwendea Mwalimu na kumwambia nitasoma ule ukurasa wa choo. Nimefika hadi mlangoni pake. Nikarudi. Nimemwambia mkewe nilikuwa naomba chumvi.

Sasa nina chumvi nyingi.

Jumamosi, 12 Disemba

Jamhuri. Naandika haya kabla ya kuoga, nisije nikasahau.

Uwanja ulijaa. Watoto na bendera za karatasi, kina mama mbele kwenye mikeka na leso mpya, wazee kwenye viti vya shule, na diwani wetu katikati yao na suti nzito, anatoka jasho. Vijana walikaa nyuma kwenye ua, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Bi Riziki alikuwa ameweka karai lake pale pale penye kivuli. Yeye na kisomo chake. Alisoma ukurasa wake wa kufuga kuku haraka haraka akarudi kwenye mafuta.

Walisoma wote. Habari za choo alisoma Mzee mmoja wa Gazi. Alipigiwa makofi. Choo.

Mwalimu Nzaka akaita jina langu kwa ile sauti yake ya ng'ombe. Nikasimama. Picha zimetundikwa, upepo unazipiga, Mwanaidi anashika kamba upande mmoja. Nikaenda kushoto. Nikaanza na karani.

Picha ya pili kijana mmoja akasema kutoka nyuma, "Atavua miwani sasa."

Picha ya tatu ndiyo ya kuvua miwani. Wakacheka. Mwingine akasema, "Nyanya, tunamjua huyo. Atawapiga, atapewa mkono, tumemaliza. Twendeni mpirani." Wakaanza kuinuka. Si kwa ubaya. Waliinuka kama mtu anavyoinuka akishashiba. Nikamwona Bi Riziki anajifuta mikono.

Niliwaona wanatoka, na magazeti ya Hamisi yanatoka nao. Nilikasirika. Kwa vijana, kwa karani, kwa yule aliyechora Kizungu chake, kwangu mimi niliyesimama upande usio wangu. Nikaacha maneno katikati. Nikatembea uwanja wote, kutoka mlingoti huu hadi ule, mbele ya watu wote. Hata wale waliokuwa wanatoka walisimama waone bibi kizee anakwenda wapi.

Nikasema, "Kaeni chini, hamna adabu. Hiyo niliyowaambia ni ya Wazungu. Sasa nawaambia alivyonisimulia mume wangu." Nikapiga fimbo kwenye picha ya mwisho nikasema hii ndiyo ya kwanza. Mtu huyu ameshapewa heshima zote. Ameshashangiliwa. Swali, atafanya nini nazo?

Nilipofika kwa mama na mtoto sikusema mtoto anapelekwa wapi. Nilionyesha tu, huyu hapa anaingia naye kwenye moshi. Kina mama wa mbele wakasema wenyewe, pamoja, "Anamfukiza." Mmoja akaongeza, "Na moshi umezidi, atamkohoza mwanangu." Kijana wa nyuma akapiga kelele kwamba ile ni nyumba inaungua. Shangazi yake akageuka akamwambia, "Wewe ulifukizwa hivyo hivyo, ukawa mtu. Nyamaza."

Uwanja ulivunjika mbavu. Vijana wakasogea ndani wapate kubishana vizuri. Walikaa. Niliwaona walivyokaa, na miguu yote miwili.

Wale wanne wa magunia. Nikauliza, kwa nini wamefunika nyuso? Mzee mmoja akajibu sadaka ya siri. Vijana wakasema wezi. Nikasema kama ni wezi, mbona wanaingiza na hawatoi? Tazameni miguu yao imeelekea wapi. Hapo Mwanaidi mwenyewe, mwalimu mzima, aliinama kuitazama. Kijana aliyesema twendeni mpirani akasema, "Labda ni wezi wamesikia imekuwa Jamhuri, wanarudisha." Nilimpenda kijana huyo. Sijui ni wa nani.

Yule bibi mwenye mikono juu sikuhitaji kumweleza. Nusu ya kina mama walikuwa wameshainua mikono yao wakisema amina.

Nikafika stoo. Bwana Tufani anavua joho. Sikuharakisha. Nikasema, mtu huyu anaruka, anainua gari, wakubwa wanampa mkono. Angeweza kubaki na joho lake. Nani angemvua? Sasa mtazameni. Anavaa miwani ya karani, anavuta kiti, anakaa na watu wengine. Hakuna anayemjua.

Hakuna aliyecheka. Kisha mtu akauliza kutoka nyuma, "Alivua mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. Akasema, "Wa kwetu watavua?"

Watu wote wakamgeukia diwani. Sikupanga hivyo, naapa. Diwani akatazama kulia, akatazama kushoto, jasho likimtoka. Akasimama, akavua koti la suti, akalining'iniza kwenye kiti, akakaa tena na shati. Makofi yale, nadhani yalisikika Diani.

Mvua ikatunyeshea tukitundua picha. Kijani chote kimeingia kwenye kanga yangu. Haidhuru.

Jumapili, 13 Disemba

Bi Riziki amekuja. Ameleta mhogo, umefungwa kwenye jani la mgomba. Amesema, "Umeshinda, mwenzangu, ila ulinidanganya, hadithi zilikuwa mbili." Nimemwambia akae. Akaomba nimwonyeshe ile ya Bwana Tufani na meli. Tumekaa mpaka adhuhuri. Mikono nilimnawisha kwanza.

Vijana watano wamekuja kuuliza kama yapo mengine. Yapo. Wanasomea hapa hapa barazani, hakuna kuondoka na kitu. Wanayasoma kushoto, kisha wanayasoma kulia, kisha wanagombana. Yule wa mpirani amesema hata yale ya miwani ya jua ameyajaribu kinyume, na yule bwana anaanza akisikitika dirishani na kumaliza anakunywa chai na mama yake. Amesema hivyo ni afadhali.

Mwanaidi amesema labda alikosea. Labda. Amesema kwa sauti ndogo lakini nimesikia.

Jumatano, 16 Disemba

Mvua imekatika. Mwanaidi amekwenda Ukunda kwa shangazi yake. Nyumba imetulia. Nimetoa gazeti la kwanza kabisa, lile Hamisi aliloleta mwaka binti yetu alipoolewa, nikakaa nalo mlangoni penye mwanga.

Nimewaza. Mpishi wa melini. Miaka yote amewapelekea Wazungu chai, nao wana magazeti mikononi. Amewaona wakifunua. Huyu mtu hakujua wapi pa kuanzia?

Basi nikakumbuka vizuri siku ile. Alinipa gazeti akiwa bado amesimama, mzigo haujafunguliwa. Nililipokea mimi. Nililifungua mimi, kulia, nikaweka kidole kwenye yule mtu anayepunga mkono, nikasema, anza hapa. Hamisi alinitazama kidogo. Akakaa mkekani karibu yangu, akatazama nilipoweka kidole, akaanza.

Alijua. Siku zote alijua. Na kila safari alikaa mle melini akitunga, wale wezi atawafanya nini safari hii.

Nimekaa nalo mapajani mpaka jua limefika kwenye kizingiti. Kisha nimekwenda kukoka moto.